Elimu Ilivyomfuata Tabibu wa Katavi

Mwaka 1889 Adrian Atiman aliwasili Karema, mwambao wa Ziwa Tanganyika, katika Katavi ya leo. Alizaliwa kando ya mto Niger, katika nchi ambayo leo ni Mali, akatekwa utotoni na kuuzwa. Wamisionari wa Mapadre Weupe walimkomboa, na mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, akampeleka Malta kusomea utabibu. Karema alikuta ngome ya Wabelgiji ya mwaka 1879, iliyokabidhiwa misheni mwaka 1885. Alitibu hapo hadi kifo chake mwaka 1956: miaka 67 ugenini, ikiwa ni ugenini bado, maana alioa hapo na mwanawe akawa padri. Walimu wake walibaki Malta. Baada yao alifundishwa na wagonjwa, na mitishamba ya wenyeji.

Wajerumani walipita, Waingereza wakafuata, na tabibu wa magharibi mwa Tanganyika akaendelea kuwa mbali na kila aliyemzidi ujuzi. Kilichopunguza umbali huo hakikuwa huruma ya serikali bali madini ya risasi. Kwa ajili ya mgodi wa Mpanda, katika Katavi hiyohiyo, reli ilijengwa kutoka Kaliua na kufika mwaka 1950. Mgodi ulifungwa muongo mmoja baadaye. Treni ikabaki, na barua na dawa zikaendelea kuja nayo.

Uhuru wa 1961 ulikuta madaktari Waafrika wa kuhesabika. Shule ya udaktari ilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1963, na baada ya Azimio la Arusha zahanati zikasambazwa vijijini. Kisha wakaja wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972, wakapewa makazi Katumba na baadaye Mishamo, na kazi ikaongezeka. Shirika la afya la Amref, lililoanzishwa Nairobi mwaka 1957, lilikuwa limeonyesha kwamba ndege na redio vinaweza kumfikia tabibu aliye porini. Hata hivyo, kwa wengi kujiendeleza kulimaanisha kufunga safari kwenda semina na kuwaacha wagonjwa. Semina ilikuwa na posho, na wapo walioikumbuka posho kuliko somo.

Mwaka 2009 mkongo wa intaneti wa SEACOM ulitua Dar es Salaam. Mwaka 2012 Katavi ikamegwa kutoka Rukwa na kuwa mkoa. Leo masomo endelevu huhesabiwa kwa pointi daktari anapohuisha leseni, na mengi huja kwa simu. Daktari wa Mpanda, ambaye aghalabu naye ni mgeni kama Atiman, hununua bando na kumsikiliza bingwa aliye Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam.

Lakini elimu bado inatiririka upande mmoja. Mwaka 1946 Atiman alisimulia maisha yake mwenyewe katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Warithi wake, wanaopokea usiku mtoto mwenye degedege na mvuvi aliyeumwa na nyoka, huingia katika darasa la mtandaoni vipaza sauti vikiwa vimezimwa.