Wembamba Si Kipimo: Kuvitambua VVU na Kuzuia Maambukizi Katika Familia Zetu

Kila Desemba inapokaribia, barabara za kupanda Machame, Kibosho na Marangu hujaa watoto wa mlima wanaorejea nyumbani kutoka Dar es Salaam, Arusha, Mirerani na kwingineko. Ni msimu wa Noeli, wa ubatizo na hasa wa ndoa. Ni msimu pia ambao mume aliyeishi mbali kwa miezi mingi hukutana tena na mke aliyebaki akitunza kihamba. Kwa hiyo tumeona vema kulieleza jambo ambalo bado husemwa isivyo katika jumuiya zetu, kwamba mwenye Virusi vya UKIMWI (VVU) hutambulika kwa kumtazama.

Hatambuliki. Wiki mbili hadi nne baada ya virusi kuingia mwilini, wengi hupata homa, maumivu ya koo, vipele, uchovu na kuvimba kwa tezi; wengine hawaoni chochote. Dalili hizo hudhaniwa kuwa malaria au mafua, nazo huisha zenyewe. Katika majuma hayo virusi huwa vingi mno, na mtu huambukiza kwa urahisi kuliko wakati mwingi mwingine. Kisha hufuata kimya cha miaka, mara nyingi minane hadi kumi kwa asiyetibiwa, ambamo mtu hulima kahawa, huimba kwaya, huzaa watoto na hata kunenepa. Dalili zilizoogopwa tangu wagonjwa wa kwanza walipogunduliwa Kagera mwaka 1983, yaani kukonda, kuharisha kwa muda mrefu, utando mweupe kinywani, mkanda wa jeshi na kifua kikuu, mara nyingi hutokea kinga ya mwili ikiwa imekwisha kudhoofika. Anayezisubiri amechelewa. Tena kila moja yaweza kuletwa na ugonjwa mwingine: mwenye kisukari hukonda, na kijiji kikamhukumu bure, huku aliyenona akichumbia bila kuulizwa neno.

Hakuna njia ya kujua ila kupima. Kipimo cha haraka hutoa jibu siku hiyohiyo, lakini mwili huhitaji muda kuunda kingamwili ambazo kipimo huzitafuta. Aliyejiweka hatarini juzi akipimwa leo aweza kuambiwa hana VVU. Na arudie baada ya miezi mitatu. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2019, kijana wa miaka 15 aweza kupima bila idhini ya mzazi, na mtu aweza kujipima mwenyewe, ingawa jibu la kuwa na VVU sharti lithibitishwe kituoni. Hospitali zetu za Kibosho, Kilema na Huruma, Hospitali ya Machame ya ndugu zetu wa KKKT, na KCMC pale Moshi zote huwapokea wenye kuhitaji huduma hii.

VVU huenea kwa kujamiiana, kwa damu, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Havienei kwa kata ya mbege inayozungushwa msibani, wala kwa kupeana mikono ya amani, wala kwa kikombe cha Misa. Tunalitaja hili la kikombe kwa makusudi, maana wapo wanaomkwepa jirani hata altareni.

Kwa mama mjamzito habari ni njema kuliko wengi wanavyodhani. Pasipo tiba, kati ya watoto 100 wa akina mama wenye VVU huambukizwa 15 hadi 45. Kwa tiba nzuri, idadi hiyo hushuka chini ya watano. Mama apimwe mapema, naye baba amsindikize kliniki badala ya kusubiri jibu nyumbani na kulifanya kuwa kosa la mkewe.

Dawa za kufubaza virusi hutolewa bure nchini tangu mwaka 2004, na tangu 2016 kila aliyegundulika huanzishiwa dawa pasipo kusubiri kinga ishuke. Anayezitumia kila siku hadi virusi visionekane tena katika vipimo, akaendelea hivyo, hamwambukizi mwenzi wake kwa tendo la ndoa. Aliyebakwa, au mhudumu aliyechomwa na sindano, awahi kituoni kabla ya saa 72 kupita ili apewe dawa za kinga za siku 28.

Mwaka 2011 maelfu walisafiri hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, na wapo walioacha dawa zao kwa kuamini wamepona. Sala haishindani na kidonge. Anayekuombea kisha akakuamuru uache dawa, usimsikilize, awe wa dhehebu lolote, hata letu.

Kwa wachumba tunasema wazi zaidi. VVU si kizuizi cha ndoa katika Sheria za Kanisa. Lakini Kanuni ya 1098 yasema kwamba anayefunga ndoa kwa kudanganywa makusudi, ili akubali, juu ya hali iwezayo kuvuruga vikali maisha ya ndoa, hafungi ndoa halali. Aliyejijua naye akanyamaza ili asikataliwe na alitafakari hilo kabla ya kusimama altareni. Uaminifu katika ndoa na kujinyima kabla yake ndilo fundisho letu, nalo hulinda pale wote wawili wanapolishika. Kwa wanandoa ambao mmoja ana VVU na mwingine hana, wahudumu wa afya watawaeleza pia juu ya kondomu, ambayo ikitumiwa sawasawa kila mara hupunguza sana maambukizi. Wazungumze pia na padre wao kwa faragha, pasipo kuogopa kufukuzwa.

Nanyi mnaokuja likizo mkiwa katika dawa, chukueni za kutosha siku zote mtakazokaa, pamoja na kadi ya kliniki. Zikikaribia kuisha, nendeni na kadi hiyo kwenye kituo cha tiba na matunzo kilicho karibu kabla kidonge cha mwisho hakijamezwa, maana siku za sikukuu vituo vingine hupunguza saa za kazi.