Ngoma Iko Huku: albamu ya Salum Abdallah ambayo mwenyewe hakuiona

Leo naweka siasa pembeni, tuongelee CD moja. Kwa mlioko kafe na dakika zenu zinakatika, nitajitahidi nisiwapotezee muda.

Chanzo cha yote ni babu yangu wa Manyoni. Ujana wake aliutumia kwenye reli ya kati, na mshahara aliununulia santuri. Santuri zenyewe zimekwisha, nyingine zilivunjika, nyingine watoto walizifanya sahani za kuchezea. Sasa masikio yanaanza kumgomea. Siku moja akaniambia, "Mume mwenzangu, nitafutie nyimbo za Salum Abdallah kabla sijawa kiziwi kabisa."

Nikaona kazi ndogo. Nikaenda kwa jamaa mmoja hapa mjini anayeingiza nyimbo kwenye flashi, akanijazia zilipendwa kibao. Nikampelekea. Babu akasikiliza kidogo akacheka. "Huyu ni Mbaraka, na huyu ni Mkongo. Salum yuko wapi?" Kumbe majina yote yaliandikwa hovyo! Hapo ndipo nikaanza kuchimba, na haya ndiyo niliyoyapata.

SALUM NI NANI?
Jina kamili ni Salum Abdallah Yazidu, ndiyo maana wengine walimwita SAY. Alizaliwa Morogoro mwaka 1928. Mwaka 1948 alianzisha bendi ambayo sisi tunaijua kwa jina la Cuban Marimba. Aliimba mapenzi, aliimba mambo ya mtaani, na wakati wa kudai uhuru aliimba siasa pia. Novemba 1965 akafariki kwa ajali ya gari, hata miaka 40 hajafikisha. Bendi ikaendelea chini ya Juma Kilaza.

KWA NINI "CUBAN"?
Hapa vijana wengi wanashangaa. Morogoro na Kuba wapi na wapi? Jibu ni santuri. Kuanzia mwaka 1933 kampuni ya gramafoni ya Uingereza ilianza kutoa mfululizo ulioitwa GV, nyimbo za Kilatini, nyingi za Kuba, kwa ajili ya soko la Afrika. Zilisambaa bandarini, mijini na kwenye miji ya reli. Watu hawakuelewa Kihispania hata neno moja, lakini mapigo waliyatambua, maana sehemu kubwa yalitoka Afrika na watumwa. Kongo wakajenga rumba yao juu ya msingi huo. Morogoro nao wakajenga ya kwao, kwa Kiswahili.

CD YENYEWE
Inaitwa Ngoma Iko Huku. Ilitolewa mwaka 2000 na kampuni ya Dizim ya Ujerumani, na ni mkusanyiko wa rekodi za kati ya 1955 na 1965. Yaani ilitoka miaka 35 baada ya mwenyewe kuzikwa.

Hiki ndicho nataka mkielewe vizuri. Salum hakuwahi kukaa akapanga albamu ya namna hii. Wakati wake nyimbo zilitoka kwenye santuri ndogo, upande huu wimbo mmoja na upande wa pili mwingine, kila mmoja kama dakika tatu. Nyingi za bendi yake zilitoka kwa nembo ya Mzuri, mali ya wafanyabiashara wa Mombasa. Ukiwa na nyimbo 20 maana yake una santuri 10 kabatini, na lazima uinuke kugeuza.

Mlinganishe na Gloria Estefan, mzaliwa wa Havana aliyekulia Miami. Mkusanyiko wake wa Greatest Hits ulitoka 1992 akiwa hai, jina liko juu, na akaongezea nyimbo mpya. Kwake ilikuwa ni hatua ya kazi. Kwa Salum, mkusanyiko ni kama watu kuokota vitu vya marehemu ili visipotee. Hata Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki 1979 kwa ajali ya gari vilevile, ule mfululizo wa Ukumbusho ulitoka yeye hayupo.

VIPI KUHUSU KUNAKILI?
Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 ililinda utunzi kwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo. Kwa mtu aliyefariki 1965, hesabu inaishia 2015. Lakini rekodi ni kitu kingine, ina ulinzi wake. Kwa hiyo kuupiga wimbo upya na bendi yako siyo sawa na kurudufu CD ya watu na kuiuza stendi.

BABU ALISEMAJE?
Nilipoipata nikampelekea na spika ndogo. Wimbo wa kwanza tu akanyamaza, akaanza kupiga kidole kwenye mkono wa kiti. Tukasikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniuliza, "Na ule mwingine?" Akaupigia mluzi, maana jina amesahau. Nikarudia CD yote. Haumo.

Hapo nikajifunza kitu. Mkusanyiko unaokoa, lakini pia unachagua. Kilichoingia kwenye CD watu wa dunia nzima wanakisikia. Kilichobaki nje kipo kwenye santuri ya mtu fulani chini ya uvungu, au hakipo kabisa. Na santuri ikishavunjika haina mahali pa kwenda kuombwa tena.

Kwa hiyo wadau wa Kiomboi, Ikungi, Itigi, Mkalama na kwingineko: kabla hamjatupa maboksi ya wazee, fungueni kwanza. Mkiona karatasi ya duara katikati imeandikwa Cuban Marimba, msiitupe, msiipange juani. Piga picha pande zote mbili, andika majina kama yalivyo, mwulize mzee aliinunua wapi na lini, uandike na hilo. Usibandike jina la Mbaraka kwenye kila kitu kwa sababu tu ni zilipendwa!

Mluzi wa babu nimeurekodi kwenye simu. Mwenye mzee anayeweza kuutambua aseme hapo chini, nitamletea asikilize. Haraka kidogo jamani, masikio ya babu hayasubiri.