Kipandauso na tiba ya mazoea

Kichwa kikianza kugonga upande mmoja, mwanga wa dirishani ukauma macho, kichefuchefu kikapanda na mtu akaomba watoto wanyamaze, Pemba hapaulizwi jina: hicho ni kipandauso. Wagiriki walikiita nusu ya kichwa, na ndiko yalikotoka majina ya Ulaya. Waarabu husema shaqiqa, nao wana maana hiyohiyo ya upande. Wasomaji wa Bukhari wanajua kwamba Mtume aliumikwa kichwani kwa ajili yake akiwa katika ihramu. Kwa hiyo maradhi yana jina la zamani na tiba ya zamani. Lisilotulia ni jina la tiba mpya, isiyo na chuku wala kidonge.

Wengi huandika "tiba ya tabia". Silipendi. Mwambie bibi wa Wete kwamba kichwa chake kinataka tiba ya tabia, atakuuliza amemkosea nani. "Mwenendo" nao hauponi, maana shule zimeshaufunga pamoja na tabia kwenye ripoti. Mimi nachagua tiba ya mazoea: saa ya kulala, saa ya kula, namna mabega yanavyokaza mtu akiwa na wasiwasi. Mzizi wake ndio uliozaa mazoezi, na mazoezi ndiyo kazi yenyewe. Tena jina hili halimsingizii mgonjwa kwamba anajitakia. Kipandauso ni maradhi ya ubongo, mara nyingi ya kurithi, na ubongo huo haupendi kushtukizwa.

Tiba huanza na daftari la kawaida la shule. Jumanne: nimelala saa saba usiku, sikufungua kinywa mpaka adhuhuri, kichwa jioni, vidonge viwili. Baada ya wiki kadhaa mkondo huonekana. Kisha hufuata kulegeza misuli, njia iliyoasisiwa na daktari Mmarekani Edmund Jacobson: unakaza ngumi sekunde chache, unaiachia, unasikiliza tofauti, unapanda hadi bega, taya na kipaji cha uso. Ya tatu naiita mrejesho wa mwili. Mgonjwa hufungwa kipimajoto kidoleni akajifunza kuipasha mikono yake joto kwa kutulia tu, huku akiona tarakimu zikipanda. Katika kliniki ya Menninger, Kansas, watafiti walitiwa hamu na mwanamke ambaye kichwa kilimwachia mikono yake ilipopata joto. Mwisho kuna kushughulikia fikra, hasa ile hofu ya "kikinishika leo nimekwisha", ambayo yenyewe hukaza shingo.

Pemba daftari hilo lingejaa upesi msimu wa karafuu. Mchumaji hupanda mkarafuu asubuhi, jua likamkuta juu bila maji ya kutosha, na usiku nyumba nzima imekaa mkekani ikichambua karafuu na makonyo. Usingizi unakatika, mlo unaruka. Kisha Ramadhani: siku za mwanzo ndizo nzito, kwani mbali na njaa na kiu, aliyezoea kahawa ya barazani ameikata ghafla. Kuipunguza kidogo kidogo tangu Shaabani, kula daku karibu na alfajiri, na kunywa maji ya kutosha usiku ni tiba ya mazoea kamili. Kidonge cha mchana hakimezwi, lakini kulegeza mabega hakubatilishi saumu.

Si porojo. Mwaka 2000 miongozo ya Marekani iliziweka njia hizi miongoni mwa zenye ushahidi imara. Mwaka 2013 jarida la JAMA lilichapisha utafiti wa vijana 135 wa miaka 10 hadi 17 wenye kipandauso sugu, wote wakitumia dawa ya amitriptilini. Waliofundishwa kushughulikia fikra na mazoea walipungukiwa siku 11.5 za kuumwa kila siku 28. Waliopewa elimu ya kawaida tu, 6.8. Angalia lakini: dawa haikutupwa. Na kichwa kilichopasuka ghafla, au kinachokuja na homa na shingo ngumu, hakingojei daftari. Hicho ni cha hospitali siku hiyohiyo.

Kwenye daftari mimi ningetazama kwanza safu ya vidonge. Anayemeza Panadol siku 15 au zaidi kwa mwezi, miezi mitatu mfululizo, huweza kuumwa kichwa kwa sababu ya Panadol yenyewe, na dukani haulizwi na mtu.