Waridi la Jangwani

Msomaji, upitapo nyika kavu za Turkana au Tsavo, huenda ukaona kijimti chenye shina nene na maua mekundu, yachanuayo hata kikiwa hakina jani. Shina ni ghala yake ya maji. Utomvu wake ni sumu ambayo wawindaji wa zamani waliipaka mishaleni.

Mwaka 1761 mfalme wa Denmark aliwatuma watu sita Arabuni kutafuta elimu. Mmoja wao, Peter Forsskål, aliandika habari za mmea huu, lakini malaria ilimwua huko Yemen mwaka 1763. Carsten Niebuhr peke yake ndiye aliyerudi, akayachapisha maandishi ya mwenzake mwaka 1775.

Basi usidharau mstari mmoja wa kitabu. Pengine uliandikwa kwa gharama ya uhai.