Landrova Haiozi, Walisema

Siku mjomba alipokanyaga breki pale Ngokolo pedeli ikazama mpaka chini, tulidhani oili imekwisha. Ilikuwa imekwisha kweli, lakini iko ardhini. Paipu ya chuma inayokwenda magurudumu ya nyuma ilikuwa imetoboka pale inaposhikwa na klipu kwenye chasisi. Bahati yetu gari lilikuwa linatoka getini tu, kwa gia ya kwanza. Ni Landrova 109, Series III ya zamani, breki za mfumo mmoja: ikivuja sehemu moja, magurudumu yote manne hayana breki.

"Landrova haiozi," mjomba alizoea kusema, na usemi huo una chanzo chake. Gari hili lilionyeshwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma kilikuwa cha mgao, ila aluminiamu ilipatikana. Rover wakaunda bodi kwa aluminiamu. Ndiyo maana hata leo utaona Landrova imebonyea kila upande, rangi imefutika, na bado haina tundu la kutu. Lakini chasisi ni chuma. Paipu ni chuma. Sifa ya bodi ikafunika yaliyo chini yake, na wengi wetu hatuinami kuchungulia.

Nilimuuliza fundi: Shinyanga kukavu hivi, kutu imetoka wapi? Akang'oa klipu, akanionyesha udongo mweusi wa mbuga ulioganda nyuma yake. Udongo ule ukilowa masika hukaa na maji muda mrefu. Halafu kuna adui wa ndani. Oili ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na isipobadilishwa kwa miaka, paipu huliwa kutokea ndani huku nje inang'aa.

Tulipofuata paipu hadi mbele tukakuta kipande cha kopa ya friji. Hapo fundi akacheka, akasema hii ni ya miaka ya themanini. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 fedha za kigeni zilikuwa adimu nchini, spea hazipatikani, na fundi alitumia alichonacho. Siwezi kumlaumu mtu yule, gari lilitembea. Ila kopa tupu ikitikiswa miaka mingi hukakamaa, kisha hupasuka bila kukuaga.

Mjomba alitaka tuunge pale palipotoboka tu, basi. Tulibishana nusu saa, nami sikumwachia, kwa sababu gari hilo hubeba wajukuu zake. Kilichoamua ni bisibisi: fundi aliikwaruza kidogo paipu ya mafuta inayotoka tangini, bisibisi ikapenya, petroli ikamtiririkia mkononi. Mjomba akanyamaza.

Tulibadilisha zote, za mafuta na za breki. Za breki tuliweka kopa iliyochanganywa na nikeli, haishiki kutu na inapindika kwa mkono. Kazi ngumu ni kutanua ncha zake. Ikienda upande kidogo, inavuja.

Jioni tukatoa upepo, tukianzia gurudumu la nyuma kushoto lililo mbali zaidi. Mjomba ndiye aliyekaa kwenye usukani.

"Pampu, mzee. Shikilia!"

Akashikilia, na safari hii mguu haukuzama.