Waliozaliwa kwa Wakati: Miaka 40 ya Kombe la Dunia la Vijana Chini ya Miaka 17

Toni Kroos alizaliwa Greifswald, Ujerumani Mashariki, tarehe 4 Januari 1990. Angezaliwa siku 4 kabla ya hapo, Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 lililochezwa Korea Kusini mwaka 2007 lingempita hivihivi, maana lilikuwa la waliozaliwa kuanzia tarehe 1 Januari 1990. Alizaliwa kwa wakati. Akaenda, akachaguliwa mchezaji bora wa mashindano, na miaka 7 baadaye akalinyanyua Kombe la Dunia la wakubwa kule Rio de Janeiro. Mashindano haya yalianza mwaka 1985, na kwa sehemu kubwa ya miaka 40 yake yamekuwa mlango unaofunguliwa kila baada ya miaka 2, ambao wengi hupata nafasi ya kuupita mara moja tu. Nikiyatazama yalikotoka, naona karibu kila jambo zito lililoyapata limezunguka swali lile lile: mtoto huyu ana miaka mingapi?

Mbegu yake ilipandwa Singapore. Chama cha soka cha huko kilianzisha mashindano ya vijana chini ya miaka 16, Lion City Cup, mwaka 1977. Katibu Mkuu wa FIFA wa wakati huo, Joseph Blatter, aliyashuhudia ya mwaka 1982 akashauri shirikisho lake liwe na mashindano ya namna hiyo kwa dunia nzima. Mwaka 1985 timu 16 zikakutana China. Umri ulikuwa chini ya miaka 16. Ulipandishwa kuwa 17 mwaka 1991, na jina la Kombe la Dunia lilikuja mwaka 2007, idadi ya timu ilipoongezwa hadi 24.

Tarehe 11 Agosti 1985, katika Uwanja wa Wafanyakazi mjini Beijing, Nigeria iliifunga Ujerumani Magharibi 2-0. Mabao yalikuwa ya Jonathan Akpoborie na Victor Igbinoba, nahodha Nduka Ugbade, kocha Sebastian Brodrick-Imasuen. Nayataja majina yao yote kwa makusudi. Kabla ya siku hiyo hakuna timu ya Afrika iliyokuwa imewahi kutwaa kombe lolote la FIFA, la wakubwa wala la wadogo. Vijana wale walilichukua mara ya kwanza lilipochezwa, mbele ya Wajerumani waliokuwa na mfungaji bora wa mashindano, Marcel Witeczek, mwenye mabao 8.

Baada ya hapo Afrika ilijizoeza kushinda. Ghana ilitwaa ubingwa mwaka 1991 na 1995. Nigeria ikaurudia mwaka 1993 ikiwa na Nwankwo Kanu na Wilson Oruma, kisha 2007, 2013 na 2015. Katika fainali 20 zilizokwisha chezwa, 7 zimekwenda kwa timu za bara hili. Upande wa wakubwa, tulipofika mbali kabisa ni nusu fainali ya Morocco mwaka 2022. Pengo hilo kati ya mtoto na mtu mzima ndilo linaloniuma kuliko kipigo chochote.

Mtazame Nii Lamptey. Mwaka 1991 mashindano yalikuwa yachezwe Ecuador, lakini kipindupindu kikasababisha yahamishiwe Italia. Ghana ikaifunga Hispania 1-0 katika fainali, na Lamptey akawa mchezaji bora. Pelé mwenyewe alimwona kuwa mrithi wake. Kijana huyo hakuwa amepata shule ya maana, alitia saini karatasi asizoweza kuzisoma, na mawakala wakamzungusha kutoka klabu hii hadi ile, nchi hii hadi nyingine, mpaka kipaji kikachakaa barabarani. Alipoacha mpira akajenga shule mjini Accra. Sijui kama kuna mchezaji mwingine aliyeyajibu maisha yake vizuri kuliko hivyo.

Mashindano ya watoto yamekuwa pia uwanja wa kujaribia mambo. Japani mwaka 1993 mpira uliotoka pembeni ulirudishwa kwa kupigwa kwa mguu badala ya kurushwa kwa mikono. Jaribio halikudumu, na sijasikia aliyelililia. Kilichodumu zaidi katika kumbukumbu ni maajabu ya nchi zisizotarajiwa. Mwaka 1989 Saudi Arabia iliwafunga wenyeji Scotland kwa penalti katika uwanja wa Hampden Park. Mwaka 1995, kule Ecuador, Oman iliitoa Nigeria katika robo fainali, ikamaliza ya 4, na Mohammed Al-Kathiri wake akatangazwa mchezaji bora wa mashindano.

Sasa turudi kwenye swali la umri, maana tangu mwanzo lilikuwa linanong'onwa majukwaani. Sisi tuna neno la waliopita umri wanaojifanya watoto: vijeba. Saudi Arabia ilinyooshewa vidole baada ya Hampden bila chochote kuthibitishwa. Nigeria ilifungiwa miaka 2 isicheze mashindano ya vijana ya FIFA, baada ya tarehe za kuzaliwa za baadhi ya wachezaji wake kugongana kwenye nyaraka. Pasipo cheti cha kuzaliwa kinachoaminika, neno la kiongozi wa timu lilitosha. Wapo wanaowatetea vijeba kwa hoja ya umaskini. Mimi siwezi. Kila kijeba aliyepanda ndege aliacha nyuma mtoto mmoja halali ambaye nafasi hiyo isingerudi tena.

Mwaka 2009, mashindano yalipochezwa Nigeria, FIFA ilileta kipimo cha MRI. Kinachopimwa ni kifundo cha mkono. Mfupa wa mkono ulio upande wa dole gumba, pale unapokutana na kiganja, una utepe wa gegedu mtoto akiwa bado anakua, na utepe huo ndio unaourefusha mfupa. Miaka inavyokwenda unageuka mfupa kidogo kidogo hadi unafungika. Kijana huweka mkono ndani ya mashine, picha inatoka, na madaktari wanaupa utepe daraja kuanzia 1 hadi 6. Daraja la 6 maana yake umefungika kabisa, jambo lililo nadra sana kwa mvulana ambaye hajafikisha miaka 17. Picha haisemi alizaliwa lini. Inaweza kumpitisha mwenye miaka 18 ambaye mifupa yake inakawia, na mara chache ikamwonea aliyekomaa mapema. Hata hivyo mchezo ulibadilika. Wenyeji waliwaacha wachezaji kadhaa kabla ya kipenga cha kwanza, bado wakafika fainali, wakafungwa 1-0 na Uswisi kwa bao la Haris Seferović.

Na hapa ndipo wanaodai kwamba Afrika ilishinda kwa vijeba tu wanapokosa la kusema. Nigeria ilitwaa kombe la 2013 na la 2015, yote mawili baada ya MRI kuanza. Ile ya Chile mwaka 2015 ilikuwa na Victor Osimhen, mtoto aliyekulia karibu na jalala la Olusosun, Lagos, akiuza maji kwenye foleni za magari. Alifunga mabao 10. Kocha wake alikuwa Emmanuel Amuneke, huyo huyo aliyekuja kuifundisha Taifa Stars ya Tanzania mwaka 2018 na kuipeleka Fainali za Afrika baada ya miaka 39. Ushindi wa 2007 nao una kaburi lake: kocha Yemi Tella alikuwa tayari anaugua saratani ya mapafu, akafariki Oktoba mwaka huo, wiki chache baada ya vijana wake kuishinda Hispania kwa matuta mjini Seoul.

Tanzania imelijua swali la umri kutoka pande zote mbili. Vijana wake, Serengeti Boys, walienguliwa kwenye Fainali za Afrika za umri huu za 2005 zilizochezwa Gambia, kwa sababu ya umri wa mchezaji. Safari ya 2017 mambo yaligeuka: Kongo Brazzaville ilishindwa kumpeleka mchezaji wake kwenye kipimo cha MRI, ikaondolewa, na nafasi ikaja kwetu. Vijana wa kocha Bakari Shime wakaenda Gabon wakihitaji kuingia nusu fainali tu ili wakacheze Kombe la Dunia India. Walitoka sare 0-0 na Mali, mabingwa watetezi. Wakaifunga Angola 2-1. Ikabaki Niger, na sare ingetosha. Mei 21, mjini Port-Gentil, Niger ikapata bao 1, mechi ikaisha hivyo. Timu hizo mbili zilimaliza zikiwa na pointi 4 kila moja na tofauti sawa ya mabao. Niger ikapita kwa sababu ya mechi ile iliyowakutanisha wenyewe kwa wenyewe.

Miaka 2 baadaye tulikuwa wenyeji wa fainali hizo, Dar es Salaam, na tukafungwa mechi zote 3. Ile ya kwanza, Nigeria 5 Tanzania 4, waliokuwepo Uwanja wa Taifa bado wanaisimulia.

Mlango ule tuliupita kwa miguu ya mabinti. Kombe la Dunia la wasichana wa umri huo lilianza New Zealand mwaka 2008. Mwaka 2022 Serengeti Girls, chini ya Shime yule yule, waliifunga Cameroon 4-1 kwao, wakamalizia kazi 1-0 Zanzibar, wakatua Goa, India. Japani iliwafunga 4-0 siku ya kwanza, na wengi wakazima televisheni. Mechi iliyofuata waliifunga Ufaransa 2-1, kisha sare 1-1 na Canada, wakaingia robo fainali. Mwaka 2024 Junior Starlets wa Kenya waliifunga Mexico 2-1 katika Jamhuri ya Dominika, timu ya kwanza ya soka ya Kenya kucheza Kombe la Dunia la aina yoyote. Rwanda nayo iliwahi kuwatuma wavulana wake Mexico mwaka 2011, wakarudi na pointi 1 ya sare na Canada.

Mashindano ya wavulana ya 2021 yalifutwa kwa sababu ya Korona, na wavulana waliozaliwa 2004 na 2005 hawakupata fainali yao hata siku moja. Nadhani kilio chao kilisikika. Kuanzia 2025 mashindano yanachezwa kila mwaka, timu 48, na Qatar inayaandaa mara 5 mfululizo hadi 2029. Kuna wanaosema ubora umeshuka, na wanaonyesha mechi ambayo Morocco iliifunga New Caledonia 16-0. Mimi nahesabu upande mwingine: kila mwaka wa kuzaliwa sasa una zamu yake.

Novemba 2025, kwenye viwanja vya Aspire mjini Doha, Ureno ilikuwa ikielekea kwenye ubingwa wake wa kwanza. Uganda ilikuwepo pia, mara ya kwanza katika historia yake. Iliifunga Ufaransa 1-0, ikaitoa Senegal 1-0, ikaondolewa na Burkina Faso kwa matuta katika hatua ya 16 bora.