Je, Uko Ulimwengu Mwingine? Fikra za Mwambao wa Kigoma

Kiswahili kimetenga mahali pa kuhifadhi mambo ambayo hayakutokea. Mahali hapo ni katika kiambishi kidogo cha -ngali-. Mtu akisema, "Mvua ingalinyesha, tungalivuna," ametaja kwa maneno matatu dunia nzima yenye mvua, mavuno na shibe, na papo hapo ametuarifu kwamba dunia hiyo haipo. Wahenga hawakupenda tukae huko muda mrefu. Walituonya kwamba majuto ni mjukuu, huja kinyume, na kwamba yaliyopita si ndwele. Hata hivyo hawakuufunga mlango. Kiambishi wametuachia, nasi twakitumia kila siku, sokoni, msibani na barazani.

Swali ninalotaka kulitafakari katika insha hii ni hili: je, yamkini dunia hizo za -ngali- zipo kweli? Si katika maneno tu, bali kwa hakika, mahali fulani, na watu wake wanaoishi na kufa kama sisi?

Msomaji asidhani kwamba hili ni swali la watoto au la wenye njozi. Wanafikra wazito wamelishughulikia kwa karne nyingi. Aristotle wa Uyunani alifundisha kwamba ulimwengu ni mmoja tu na hauwezi kuwa zaidi. Katika nchi za Kiislamu, Fakhr al-Din al-Razi, mfasiri mkubwa wa Kurani aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 13, alilikataa wazo hilo, akahoji kwamba Mwenyezi Mungu anao uwezo wa kuumba malimwengu maelfu kwa maelfu nje ya huu wetu. Mwaka 1277 Askofu wa Paris naye alipiga marufuku fundisho kwamba Mungu hawezi kuumba zaidi ya ulimwengu mmoja. Sisi wa mwambao huu hatuna haja ya kwenda Paris. Mwislamu wa Ujiji anayesali sala zake tano huisoma Sura ya kwanza ya Kurani mara 17 kwa siku katika rakaa za faradhi peke yake, na kila mara humtaja Mola wa walimwengu, kwa wingi, si wa mmoja. Wengi hupita juu ya neno hilo bila kusimama.

Katika zama zetu swali limerejeshwa na wanafizikia. Mwaka 1957 kijana mmoja wa Marekani, Hugh Everett, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Princeton, alitoa nadharia iliyowashangaza walimu wake. Ilikuwa imekwisha kujulikana kwamba chembe ndogo kama elektroni, kabla ya kupimwa, hueleweka kana kwamba iko katika hali mbili au zaidi kwa wakati mmoja, lakini ikipimwa huonekana katika hali moja tu. Je, zile nyingine huenda wapi? Wengi walisema kwamba hufutika. Everett alisema la hasha, hazifutiki. Kila tokeo hutokea, kila moja katika tawi lake, na mpimaji naye hugawanyika pamoja na kipimo, huyu akiona hili na yule akiona lile, wala wasijuane. Mwenyewe aliiacha fizikia ya vyuoni akaenda kufanya kazi ya hesabu za kijeshi. Alifariki mwaka 1982, na nadharia yake imezidi kupata wafuasi baada yake.

Nakiri kwamba hesabu zake zinanipita kimo. Lakini jambo moja nalielewa vizuri, nalo ndilo linalomhusu mtu wa historia. Kwa nadharia hiyo hiyo, matawi yakisha kuachana hakuna habari inayoweza kusafiri kutoka moja hadi jingine. Hakuna barua, hakuna msafiri, hakuna hata uvumi. Mwanahistoria huishi kwa athari: kaburi, hati, jina la mahali, kumbukumbu ya bibi. Ulimwengu usioacha athari hauwezi kumpa ushahidi wala kumdai kitu. Kwa hiyo nauacha ulimwengu wa Everett mikononi mwa wenye hesabu zao, wala siukani.

Lakini kuna malimwengu mengine, ya namna ya karibu zaidi, ambayo huacha athari. Wakati mwingine maumbile au historia hufanya jambo moja mara mbili, katika sehemu mbili, na kutuonyesha matokeo yote mawili. Ziwa letu lenyewe ni mfano. Tanganyika lina urefu wa kilometa zipatazo 670 na kina cha meta 1,470, na umri wake huhesabiwa kwa mamilioni ya miaka. Ndani yake mna zaidi ya aina mia mbili za samaki wa jamii ya sato, na karibu wote hawapatikani popote pengine duniani. Ziwa Nyasa nalo lina samaki wake wa jamii hiyo hiyo, waliotokea huko huko. Ajabu ni kwamba ukiwaweka samaki kadhaa wa huku kando ya wa kule utadhani ni ndugu wa tumbo moja: wapo wenye midomo minene vivyo hivyo, mistari vivyo hivyo, na meno ya kukwangulia miamba vivyo hivyo. Kumbe kila mmoja alifika hapo kwa njia yake. Maziwa mawili yaliyotengana yamezaa sura zilizofanana. Mtu akiishia hapo aweza kusema: basi hata kama malimwengu ni mengi, pengine yote huishia pamoja, na hakuna njia panda iliyo na maana.

Historia ya wanadamu wa mwambao huu inakataa.

Nenda kaskazini ya Kigoma, mpaka milima ya Buha inapokutana na Burundi. Sehemu ya mpaka huo ni Mto Malagarasi, ambao huanzia huko juu, ukazunguka mbali kusini na mashariki, kisha ukarudi kumwaga maji yake ziwani upande wa kusini wa Ujiji. Kiha na Kirundi ni lugha zinazosikilizana. Mha na Mrundi huongea bila mkalimani. Pande zote mbili watawala waliitwa Mwami. Pande zote mbili walikuwapo wakulima walio wengi, na Watutsi wachache waliofuga ng'ombe na ambao koo zao zilitawala. Hata majina ya kifalme yalivuka mto: Burundi ilikuwa na wafalme wa jina la Ntare, na katika karne ya 20 Heru ya Kasulu ilitawaliwa na mwanamke, Mwami Theresa Ntare. Sisemi kwamba nchi hizo zilikuwa pacha kamili. Burundi ilikuwa ufalme mmoja mkubwa, na Buha ilikuwa na falme ndogo kadhaa, kama Heru, Muhambwe na Buyungu. Lakini zilikuwa karibu kuliko tunavyoweza kuomba.

Wajerumani walizitia zote katika koloni lao moja. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, vita ikaanza mwaka ule ule. Mwezi Julai 1916 askari wa Ubelgiji kutoka Kongo waliiteka Kigoma, na Wajerumani wakaizamisha wenyewe meli yao, Graf von Götzen, ambayo leo twaijua kwa jina la Liemba. Kwa muda wa karibu miaka mitano Kigoma na Ujiji zilikaa chini ya Ubelgiji kama Urundi. Ubelgiji haikuwa na shauku ya pekee na milima hii. Ilitumaini kuitumia kama mali ya kubadilishana, Mwingereza apate ardhi huku, Mreno aridhishwe, na yenyewe ipate ukingo wa kusini wa mlango wa Mto Kongo, huko Bahari ya Atlantiki. Biashara hiyo haikufaulu. Tarehe 30 Mei 1919 Lord Milner wa Uingereza na Pierre Orts wa Ubelgiji walikubaliana: Ruanda na Urundi zibaki kwa Mbelgiji, na Kigoma na Ujiji ziende kwa Mwingereza. Mwaka 1921 makabidhiano yakafanyika. Hakuna Mha wala Mrundi aliyeulizwa.

Hapo ndipo tawi lilipogawanyika, na matawi yote mawili tunayaona kwa macho.

Upande wa Urundi, Wabelgiji walipanga upya uchifu hata ikawa, kufikia mwaka 1945, hapana chifu Mhutu hata mmoja. Upande wa Buha, Mwingereza naye aliwaegemea machifu aliowakuta, wala hakuwa na huruma ya pekee: aliifanya Kigoma kuwa shamba la kuvuna manamba, wakaenda kukata mkonge Tanga na Morogoro. Lakini katika makambi hayo Mha alikutana na Mnyamwezi, Mbena na Mmakonde, akajifunza Kiswahili, akarudi nacho. Uhuru ulipokuja tarehe 9 Desemba 1961, mgawanyiko wa mkulima na mfugaji ulikuwa jambo dogo ndani ya nchi kubwa yenye makabila zaidi ya mia. Ng'ambo, miezi miwili tu kabla ya hapo, tarehe 13 Oktoba 1961, Mwanamfalme Louis Rwagasore, aliyekuwa akiwaunganisha Warundi wote, alipigwa risasi na kuuawa mjini Usumbura, kwenye mwambao wa ziwa hili hili.

Tazama yaliyofuata. Tanganyika ilifuta uchifu mwaka 1963 kwa sheria. Burundi iliufuta ufalme mwaka 1966 kwa mapinduzi, na mfalme wa mwisho, Ntare wa Tano, akauawa mwaka 1972. Mwaka huo wa 1972 ndio unaonitia baridi kila nikiufikiri. Upande huu wa mpaka ulikuwa mwaka wa Operesheni Kigoma, watu walipohamishwa kutoka mashamba yao na kupelekwa katika vijiji vya ujamaa. Wapo waliohama kwa uchungu, na uchungu huo wanaukumbuka. Upande wa pili, baada ya maasi ya mwezi Aprili, ulikuwa mwaka wa mauaji ya Wahutu, na makadirio yanataja kati ya watu 100,000 na 300,000. Mha aliiacha nyumba yake kwa amri, akapewa kiwanja kingine. Mrundi aliiacha yake usiku, akavuka mpaka na mtoto mgongoni. Walisemezana kwa lugha moja walipokutana.

Ukitaka basi kumwona mtu wa ulimwengu sambamba, huna haja ya darubini. Amefika. Alifika mwaka 1972, akafika tena baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba 1993, akafika tena mwezi Mei 2015, makumi ya maelfu waliporundikana katika kijiji kidogo cha Kagunga, kipindupindu kikaingia, na Liemba ile ile ikawa inawachukua kuwaleta Kigoma. Kila Mha aliyesimama kuwatazama wakishuka alikuwa akimtazama mtu ambaye yeye mwenyewe angalikuwa, endapo mwaka 1919 kalamu ingalikwenda upande mwingine. Biashara ya ukingo wa Mto Kongo haikufaulu, na kwa sababu hiyo mtu huyu yuko gatini na yule yuko ndani ya meli. Hiyo ndiyo -ngali- iliyovaa nguo na kubeba mkeka.

Wako wanaoitumia fikra ya malimwengu mengi kama kitulizo. Husema: kama kila liwezekanalo hutokea mahali fulani, basi mahali fulani Rwagasore hakuuawa, na wale wa 1972 wanalima hadi leo. Mimi sikioni kitulizo hicho. Aliyekufa hapa amekufa hapa. Tena fikra hiyo yaweza kugeuka udhuru mbaya: mwenye kalamu atasema kwamba lolote aandikalo, kinyume chake nacho kitatokea pengine, hivyo haidhuru. Historia ya mpaka huu yafundisha kwamba inadhuru. Samaki wa maziwa mawili walikutana kwenye sura moja kwa mamilioni ya miaka. Watu wa kingo mbili za mto mmoja waliachana katika miaka 50.

Na hili si jambo la zamani tu. Mwaka 2014 Tanzania ilianza kuwakabidhi vyeti vya uraia wakimbizi wa 1972 wapatao 162,000, jambo ambalo nchi chache zimewahi kulifanya kwa kiasi hicho, nami naliona kuwa miongoni mwa matendo yetu mema. Lakini mtu wa Kigoma aliyezaliwa Kigoma bado aweza kusimamishwa safarini na kuulizwa kama kweli ni Mtanzania, kwa sababu ya lafudhi yake. Anayeuliza hufikiri kwamba mpaka uliumbwa pamoja na milima. Anasahau kwamba umri wake ni wa mzee mmoja, na kwamba uliwekwa na watu wawili waliokuwa wakifikiria mlango wa mto mwingine.

Basi jibu langu kwa swali nililoanza nalo ni hili. Kama kuna malimwengu tusiyoweza kuyafikia, hayo yana Mola wake, wala hayatudai kitu. Ulimwengu mwingine unaotudai ni ule tuliouepuka bila kustahili. Huo una watu, na watu hao wanatujia kwa miguu na kwa meli. Kwao neno -ngali- si sarufi. Nasi tuliosalimika hatukusalimika kwa werevu wetu, na mwenye kulijua hilo hawezi kumwuliza jirani yake kwa ukali ametoka wapi.